Kadi ya Mia na Kumi na Nane

Ofisi ya Kamusi, chumba namba 6
4 Machi

Kwa Mhariri Mstaafu,

Hii ni barua ya kazi. Nasema mapema usije ukaisoma mara mbili ukitafuta kitu kingine ndani yake.

Mimi ndiye mchambuzi mpya wa herufi R katika kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili. Nimeanza Januari. Mhariri Mkuu amenipa neno “run”, lile linaloanza na kukimbia na kuishia asikojua mtu. Nilipomwuliza kadi zake ziko wapi, alikuna kichwa, akasema ulistaafu nazo. Maneno mengine yote uliyaacha kabatini, kila neno na kasha lake, kamba imefungwa vizuri. Hili moja uliondoka nalo, kama mpangaji aliyehama na mlango.

Kamusi inakwenda kiwanda cha uchapaji tarehe 31 Mei. Bila kadi zako sina ushahidi wa maana hata moja. Na kanuni ya ofisi hii, ambayo naambiwa uliiweka wewe mwenyewe, ni kwamba maana isiyo na kadi haiingii kitabuni. Naomba kasha hilo.

Kuhusu undugu wetu: najua, na wewe unajua. Mama yangu alikuwa dada yako. Alilala hospitalini siku tatu za mwisho wa maisha yake na hukutia mguu. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nimelelewa na Bibi, mama yako mzazi, ambaye kwa miaka kumi na tisa hajakutaja isipokuwa akiwa na hasira. Hayo hayahusiani na herufi R. Nimeyaandika ili yasikae katikati yetu kila mtu akijifanya hayaoni.

Mchambuzi, herufi R

*

Chumba cha juu, kwa fundi viatu
14 Machi

Kwa Mchambuzi wa herufi R,

Barua yako haina shikamoo. Mimi nimeitikia marahaba hata hivyo na kuiweka akiba. Siku ukiikumbuka utaikuta.

Kasha linakuja kwa basi la mizigo, limefungwa kwa gazeti na kamba mbili. Mweleze karani wa ofisi alishike kwa mikono miwili, maana chini limechoka. Ndani mna kazi ya miaka thelathini na moja. Kila kadi ina vitu vinne na usikubali ipungue hata kimoja: sentensi yenyewe kama ilivyosemwa, aliyeisema, mahali alipoisemea, na tarehe. Pembeni juu kuna namba. Namba inafuata mpangilio wa maana, kwa hiyo tafadhali usizichanganye kama mtu anayecheza karata.

Sikutunga hata sentensi moja. Vijana wa siku hizi naambiwa wanajitungia mifano, wakikosa ya kusikia. Mtu anayejitungia mfano ni shahidi anayejihoji mwenyewe na kujipongeza kwa majibu.

Kwa habari ya neno lako, pole. Waingereza walipata kitenzi hiki kimoja wakakitumikisha bila huruma. Kwao mtoto, pua, bomba, saa, duka na mgombea kiti vyote vinafanya kazi ileile. Kwetu mtoto anakimbia, pua inachuruzika, bomba linatoa maji, saa inakwenda, duka linaendeshwa na mgombea anagombea, na kila mmoja analala kitandani kwake. Soksi ya mwalimu mkuu ilifumuka uzi mbele ya wazazi wote, nikaipata kadi ya hamsini na mbili. Fundi bomba mmoja, aliyesomea kwa Waingereza, alinipa kadi tatu kwa siku moja, mbili kati yake kwa matusi. Shuka jekundu lilichuja rangi kwenye beseni la jirani yangu, akanijia juu kwa Kiingereza safi. Nilimwomba arudie polepole niandike. Hatujasalimiana tena.

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Jumanne na Ijumaa nina shughuli, na kesho yake mkono haunitii vizuri. Simu sishiki. Neno la kwenye simu halina tarehe.

Mstaafu

*

Ofisi ya Kamusi, chumba namba 6
28 Machi

Kwa Mhariri Mstaafu,

Kasha limefika. Chini limefumuka kama ulivyotabiri, ila karani alikuwa na akili ya kulibeba kwa beseni.

Sikutegemea kulifurahia, na nakiri nimelifurahia. Nimekaa na kadi zako wiki nzima nikiwasikia watu nisiowajua wakisema mambo yao. Yule dereva wa lori aliyemgonga kuku wa askari na kwenda kujishtaki mwenyewe. Yule mama wa posta anayesema mkataba wa nyumba yake una miaka miwili mbele, halafu pale chini umeandika kwa penseli “alikuwa akilia”. Mtu wa meza ya pili, tunamwita Bwana Nukta kwa sababu ndiye msahihishaji, alinikuta nacheka peke yangu. Aliuliza kama kuna nukta imekosewa.

Nimeshaandika maana tisini na sita. Ya kukimbia peke yake imenila siku mbili, kwa sababu kila nikidhani nimeifunga nakuta mtu mwingine anakimbia kwa namna yake.

Sasa kero. Kadi zako zimepewa namba moja hadi mia na sitini na nne. Nimezihesabu mara tatu, na Bwana Nukta amezihesabu mara moja kwa sauti. Ziko mia na sitini na tatu. Inayokosekana ni ya mia na kumi na nane.

Naomba uangalie mezani kwako, chini ya kitanda, ndani ya vitabu, popote wazee wanapoweka vitu.

Mchambuzi, herufi R

*

Chumba cha juu, kwa fundi viatu
8 Aprili

Kwa Mchambuzi,

Nimeangalia. Nitakuwa niliruka namba. Mtu anapofika mia na kitu macho huchoka. Endelea na mia na kumi na tisa na usijisumbue.

Nafurahi umempenda dereva wa lori. Kuku alilipwa.

Wiki mbili hizi sikuwa vizuri, ndiyo maana barua ni fupi.

Mstaafu

*

Ofisi ya Kamusi, chumba namba 6
13 Aprili

Kwa Mhariri Mstaafu,

Unanizungusha, na mimi si mlango.

Nilimpelekea Mhariri Mkuu maelezo yako kwamba uliruka namba. Alicheka mpaka akavua miwani. Anasema katika miaka ishirini aliyofanya kazi chini yako uliwahi kumrudisha mtu ofisini kutoka kituo cha basi kwa sababu ya koma. Kwa hiyo tuache kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa.

Namba zinafuata mpangilio wa maana, ulisema hivyo mwenyewe. Basi nimetazama kadi ya kabla na ya baada. Ya mia na kumi na saba ni hadithi inayopita kutoka mtu mmoja hadi mwingine mtaani. Ya mia na kumi na tisa ni hofu inayopita katika umati. Katikati hapo kamusi zote nilizonazo mezani zinaweka maana moja: kitu kinachopita katika ukoo, cha kurithi, kama upara, kipaji au ugonjwa. Ni maana ya kila siku, mtoto wa shule anaijua. Haiwezekani uliikosa kwa miaka thelathini na moja.

Sijui kwa nini huileti. Labda umeipoteza na unaona aibu. Mimi nina wiki zisizofika saba, na siwezi kupeleka kiwandani neno lenye pengo. Kwa hiyo nimevunja kanuni yako. Nimetunga sentensi mwenyewe, nimeiandika kwenye kadi safi, nimeipa namba mia na kumi na nane na kuitafsiri. Hii hapa, uione kabla haijachapwa:

“Katika ukoo ule, kutoonekana hospitalini ni kitu cha kurithi.”

Mahali pa jina la msemaji nimeandika: mpwa.

Mchambuzi, herufi R

*

Chumba cha juu, kwa fundi viatu
18 Aprili

Mpwa wangu,

Futa sentensi hiyo. Imetungwa, na si ya kweli.

Kadi ya mia na kumi na nane imo ndani ya bahasha hii, imefungwa kwa karatasi nyeupe. Soma vitu vyote vinne, pamoja na tarehe.

Mjomba wako

*

(Kadi)

118

“I'm afraid it runs in the family.”
Ugonjwa wa kurithi. Unapita katika ukoo.

Msemaji: daktari wa figo.
Mahali: hospitali kuu, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani.
Tarehe: 11 Agosti, saa tisa alasiri.

*

Ofisi ya Kamusi, chumba namba 6
22 Aprili

Mama alikufa tarehe 13 Agosti. Kitanda chake kilikuwa cha dirishani. Nakikumbuka, nilikaa pale dirishani nikala chungwa.

Ulikuwepo.

Kwa nini umeacha watu wakuseme miaka kumi na tisa? Kwa nini umeniacha mimi nikuseme? Na ni kitu gani kinapita katika ukoo? Ukoo upi? Mimi nimo au simo?

Usiniandikie habari ya mkono kutokutii. Jibu.

*

Chumba cha juu, kwa fundi viatu
25 Aprili

Mpwa wangu,

Naanza na la kwako, ndilo la haraka.

Ni figo. Vinaota vifuko vidogo vya maji ndani yake, vinaongezeka mwaka hadi mwaka, mpaka figo zinashindwa kazi. Mtoto wa mtu mwenye ugonjwa huu anaweza kuupata au asiupate, nusu kwa nusu. Baba yetu alikufa akiwa na miaka arobaini na mmoja, tukaambiwa ni uchovu wa kazi. Dada yangu alikuwa nao, na uligunduliwa wakati umeshamaliza kila kitu. Mimi ninao. Jumanne na Ijumaa huwa nimelala kwenye mashine ya kusafisha damu, muda wa saa nne kila mara, mwaka wa pili sasa. Ndiyo shughuli niliyokutajia.

Nenda kapime presha, na upigwe picha ya tumbo. Picha yenyewe haiumi. Nenda wiki hii, mengine utayasoma baadaye.

Kama umerudi, soma.

Nilifika hospitalini siku ya kwanza, saa nane na nusu mchana. Mama, yaani Bibi yako, alikuwa amekwenda nyumbani kukupokea kutoka shuleni. Nilikaa na dada yangu karibu saa mbili. Alikuwa na maumivu makali, sitakuficha. Alikuwa akiuma kona ya shuka ili wagonjwa wa vitanda vingine wasimsikie. Dawa waliyompa haikufua dafu. Kati ya maumivu na maumivu alikuwa akinitania kwamba shati langu halijapigwa pasi.

Daktari alikuja na mwenzake mmoja. Akazungumza Kiingereza juu ya kichwa cha dada yangu, kama wanavyofanya wakidhani mgonjwa hasikii lugha. Hakujua kwamba mgonjwa huyu alikuwa amenipangia kadi kwenye meza ya jikoni miaka saba, kila Jumapili, na kunikosoa tahajia. Alisema ile sentensi uliyoisoma. Dada yangu akanigeukia. Akaniambia, “Una kadi hapo? Andika. Hiyo bado hatuna.”

Niliandika, kadi nikiiweka juu ya goti. Tazama mwandiko, utaona.

Daktari alipotoka, dada yangu akaniapisha mambo mawili. La kwanza, Mama asijue kamwe. Alisema Mama akijua, kila mtoto akikohoa atamtazama kama maiti, na hataishi tena. La pili, wewe uambiwe ukifika miaka kumi na nane, uwe mtu mzima wa kubeba jambo lako. Nikaapa. Nikatoka kabla Mama hajarudi.

Ona sasa ugumu ulipoanzia. Ningesema nilikuja, Mama angeuliza daktari alisema nini. Mimi kudanganya sijui. Ninachojua ni kunyamaza tu. Basi nikanyamaza hata kwamba nilikuja. Siku ya mazishi alinisimamisha mlangoni mbele ya watu akasema, “Wa kuzika wamejaa. Wa kuuguza ulikuwa wapi?” Nikageuka nikaenda. Nililia njia nzima, na abiria wenzangu wakadhani nimeibiwa.

Ulipofika miaka kumi na nane nilikuandikia. Barua ilirudi haijafunguliwa, mbele imeandikwa kwa mkono wa Mama: “Hapa hakai.” Siku ile nilipaswa kupanda basi, nikusubiri nje ya shule, nikuambie ana kwa ana. Sikupanda. Nilijiambia mwakani. Mwakani nikajiambia mwakani. Miaka kumi imekwenda hivyo. Nilikuwa mwoga. Maneno ndiyo kazi yangu na sina neno zuri kuliko hilo.

Januari Mhariri Mkuu alinipa habari kwamba umeajiriwa. Mimi ndiye niliyemwomba akupe neno hili. Nilitaka uifikie kadi mwenyewe, kwa mpangilio, umalize ya mia na kumi na saba ugeuze ukutane nayo, na mama yako awe ndiye aliyekuambia. Niliona ni mpango mzuri. Siku ya kufunga kasha nikaichomoa. Nimekaa nayo kwenye mfuko wa shati kuanzia Machi mpaka uliponiandikia sentensi yako.

Sentensi yako iliniuma kweli. Lakini ndiyo iliyonifanya nifungue bahasha, kwa hiyo nakushukuru.

Mjomba wako

*

Chumba cha juu, kwa fundi viatu
6 Mei

Mpwa wangu,

Siku kumi na moja sijakusikia. Sikulaumu. Fundi viatu wa hapa chini amechoka kuniona nikimfukuzia mtu wa posta ngazini.

Naomba neno moja tu kwenye kipande chochote cha karatasi: umekwenda au hujakwenda kupigwa picha. Matusi unaweza kuyaleta baadaye, nayo nitayapokea.

Muuguzi wa hospitali akiiwasha mashine husema kwa Kiingereza kwamba sasa inafanya kazi, kwa neno lako lilelile. Ningekuwa kazini ingekuwa kadi ya mia na sitini na tano. Nimemwambia, akaniuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa.

Mjomba wako

*

Nyumbani
19 Mei

Shikamoo Mjomba.

Nimekwenda.

Figo zote mbili. Vifuko vipo, bado vidogo. Daktari, mwanamke mpole anayeongea Kiswahili na mgonjwa wake, alinigeuzia kioo cha mashine ya picha nikavihesabu mwenyewe mpaka nikaacha. Anasema figo zangu bado zinafanya kazi karibu yote. Tatizo ni presha, iko juu sana kwa umri wangu, na presha ndiyo inayozimaliza figo mapema. Kwa hiyo nina vidonge vya kila asubuhi, chumvi nimekatazwa, na kila miezi sita narudi. Alisema wengi wanaoanza mapema hivi wanafika uzeeni bila mashine. Halafu akaniuliza maumivu ya kichwa yalianza lini. Nikamwambia miaka minne iliyopita. Nilidhani ni macho. Nimebadilisha miwani mara tatu.

Miaka minne, Mjomba. Nina hasira na wewe, na nataka uijue ilivyo. Sikuchukii, ila usidhani mambo yameisha kwa sababu nimekuamkia. Mama alikupa kazi moja ya kufanya baada ya kufa kwake na uliifanya miaka kumi baada ya wakati wake. Ungekuja shuleni ningekukimbilia. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo, aliyemkimbilia kila ndugu. Hilo hukulijua kwa sababu hukuja.

Na nimelala siku kadhaa na kile alichosema. “Hiyo bado hatuna.” Nilikuwa na kumbukumbu tatu za mama yangu, sasa ninazo nne. Hiyo pia umenipa wewe, na sijui niiweke wapi.

Neno limekwisha. Maana mia na sitini na nne, zote na kadi zake. Yangu niliichana. Mhariri Mkuu ameshalipitisha kwenda kiwandani, na Bwana Nukta amenunua keki kwa ofisi nzima akasema sitakaa nipewe neno baya zaidi ya hilo mpaka nistaafu.

Sasa Bibi.

Nimemwambia. Najua uliapa. Wewe ndiye uliyeapa, mimi sikuapa, na mtu ninayekaa naye nyumba moja ataniona nikimeza vidonge. Jumapili iliyopita nilimkalisha jikoni nikamsomea barua yako yote ya Aprili, nikaruka mahali pamoja tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vilio. Hakulia. Alikuwa anakunja mataulo, akaendelea kuyakunja, na yalipokwisha akayakunjua akaanza tena. Mwishoni akasema, “Kumbe alikuja.” Akasema tena, “Kumbe mtoto wangu alikuja, na mimi nikamfukuza kwenye mazishi.” Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia naye.

Siku mbili zilipita. Siku ya tatu alinikuta bafuni nikipiga mswaki, akasimama mlangoni. Hakuuliza kuhusu ugonjwa, wala kuhusu Babu, wala kuhusu barua aliyoirudisha. Aliniuliza jambo moja. Anasema usiku aliokaa na mama, mama alikuwa mtulivu, akimwambia hasikii maumivu, aende akalale. Amelishika hilo miaka kumi na tisa. Sasa, kwa kuwa ulikuwepo mchana ule asipokuwepo yeye, anataka kujua: mtoto wake aliumia?

Nikamwambia barua haisemi. Mahali nilipoparuka ni pale pa kona ya shuka.

Ijumaa ya tarehe 31 tunakuja wote wawili. Nimeshakata tiketi za basi la asubuhi, tutakukuta ukiwa bado kwenye mashine. Ameshachagua nguo atakayovaa. Anasema atakaa karibu na kichwa chako na kukuuliza mwenyewe, kwa sababu mimi anaweza kunitilia shaka, ila wewe tangu utotoni hukuwahi kumdanganya, na utakachosema ndicho atakachoamini mpaka anaingia kaburini.

Sitakufundisha la kumjibu. Una siku kumi na mbili za kufikiri. Akianza kuuliza mimi nitatoka nje, nikae kwenye benchi la ukumbini, na tukiwa njiani kurudi sitamwuliza ulisema nini.

Mpwa wako